Mama Fundi na Kigari cha Masera

Mtu akileta gari, jambo la kwanza alilofanya Mama Fundi lilikuwa kumnyamazisha. "Zima. Shuka. Sasa acha kunieleza, nionyeshe." Dereva, ambaye njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuelezea ugonjwa wa gari lake, alibaki amesimama kando mikono ikining'inia, naye Mama Fundi akafungua boneti na kuinama mpaka kichwa kisionekane. Hakuanza na bisibisi wala taa ya kupimia. Alianza na pua. Alinusa nyaya moja baada ya nyingine, kama mtu anayenusa maziwa ya jana, na mara nyingi alipoinua kichwa alikuwa ameshajua.

Gisenyi nzima, mji wetu wa mpakani huku Rwanda, ilimwita Mama Fundi. Mimi pia nilimwita hivyo, ingawa tulikaa uwanja mmoja karibu miaka mitano na jina lake niliwahi kuliona kwenye bahasha. Mimi ni mchomeleaji, natengeneza mageti na madirisha. Uwanja wetu ulikuwa kwenye njia ya kwenda Petite Barrière, kituo kidogo cha mpaka wa kuvukia Goma, mimi upande wa ukuta, yeye upande wa barabara chini ya mabati manne. Alikuja baada ya vita, na wale waliorudi kutoka Tanzania, mjane wa miaka hamsini na kitu, na sanduku la vifaa ambalo wanaume wawili walilishusha wakihema. Siku ile ya kuomba nafasi aliniambia kwamba kule alifanya kazi katika karakana ya vigari vya umeme, vile vya kubebea mizigo ghalani. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa namwangalia mwanamke aliyevaa kanga juu ya suruali ya kazi, nikijiuliza nani katika mji huu atamkabidhi gari lake.

Walimkabidhi. Kwanza kwa sababu mafundi wengine walikuwa wameondoka, wengine wamekufa. Baadaye kwa sababu gari aliloligusa halikurudi na ugonjwa uleule.

Kiswahili chake kilikuwa cha shule, kimenyooka, na chetu kilimkera. Dereva wa teksi alikuja siku moja akalia, "Mama, voiture yangu iko na maladie ya mafeu, ya mbele haiwake."

"Gari lako taa za mbele haziwaki?"

"Ndiyo, mafeu."

"Basi sema taa, nijue pa kushika."

Alitusahihisha wote: wapagazi, wanajeshi, hata mimi. Lakini mwaka wa pili nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mteja, "Bon, njoo kesho." Nilicheka, Kifaransa chetu kilikuwa kimemwingia. Alikataa katakata kwamba amesema hivyo, akakaa siku mbili bila kunisalimu vizuri.

Hakuvumilia waya wenye kiungo. Ukimletea gari ambalo waya umekatika na mtu akaufunga kwa utepe, aliung'oa wote kutoka mwanzo hadi mwisho na kuweka mzima, hata kama mteja analalamika. "Pale ulipofunga ndipo patakapowaka," alisema. Ila nilipokwenda nyumbani kwake kumtengenezea mlango, nilikuta balbu ya sebuleni inaning'inia kwenye waya wenye vifundo vitatu, kimoja kimezungushiwa plasta ya kidonda. Nilimtazama. Alisema, "Hiyo ni ya kwangu," akaendelea kumenya viazi.

Na aliogopa radi. Sisi wa huku tumezaliwa ndani ya radi. Mvua ikishuka kutoka kwenye volkeno mbingu inapasuka, na watu wanaendelea kuuza nyanya. Yeye akisikia ngurumo ya kwanza aliacha kila kitu, akaingia ndani ya gari lolote lililokuwa uwanjani, akafunga vioo na kuinua miguu juu ya kiti. Alinieleza vizuri sana kwa nini mtu aliye ndani ya gari yuko salama, jinsi umeme unavyopita kwenye bati la nje na kuingia ardhini. Alinieleza huku amefumba macho.

Ijumaa nilipokwenda msikitini alinilindia vyuma vyangu. Jumapili alipokuwa kanisani nilimlindia betri zake. Alipenda kuimba, na hakujua kuimba, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Alikuwa mgumu kuombwa radhi na mgumu kuomba. Aliwahi kubishana na mzungu mmoja wa mradi kuhusu jenereta. Mzungu akacheka na kumuuliza amesomea wapi. Jenereta ile iliungua wiki hiyohiyo, kama alivyosema. Wengine wangefurahi. Yeye alichoka. Tangu pale alianza tabia mpya: mteja akiamua anachotaka, alimfanyia anachotaka, na ushauri wake alibaki nao. Nilidhani ni hekima ya uzee. Nasema hivi kwa sababu habari ya kigari ilianzia pale.

Juu kidogo ya mji kulikuwa na kituo cha afya cha masista. Sista mkuu tulimwita Masera, kama tunavyowaita wote. Kituo kilijengwa vibaya: wodi ya wazazi ilikuwa chini karibu na barabara, na chumba cha upasuaji kilikuwa juu, baada ya mteremko mrefu wa mawe. Mama aliyeshindwa kujifungua alipandishwa kwa machela na wanaume wanne, kama wanaume wanne walipatikana. Miaka ile ya mwisho ya tisini hawakupatikana kila saa. Barabara ya Kanama ilikuwa na hatari ya waasi, watu walikuwa wakilala wanakojua wenyewe, na mafuta ya gari yaliingia siku moja yakakosekana wiki.

Hoteli moja ya ufukweni ilipofungwa, wenyewe walimwachia Masera kigari cha umeme kilichokuwa kikibebea mizigo ya wageni. Kilikuwa kama kitanda chenye magurudumu manne, kiti cha dereva mbele, na betri sita chini. Masera alifurahi kama aliyepewa ambulensi. Tatizo ni kwamba bustani ya hoteli ilikuwa tambarare. Kwenye mlima wa kituo, kigari kilifika katikati na kuanza kuzimia.

Masera alishuka mwenyewe uwanjani kwetu. "Mama Fundi, betri ni zile za zamani. Tumepata mupya sita. Uje uweke tu."

Mama Fundi alikwenda, akaweka, akakiendesha uani mara mbili kwenye sehemu ya sawa, akawaambia, "Kimepona." Alirudi kabla ya saa sita. Sikuona kitu chochote usoni mwake.

Siku kumi hivi baadaye, asubuhi, dereva wa kile kigari alikuja mbio kwa miguu. Aliitwa Gaspard, mtu mpole aliyekuwa mtunza bustani kabla ya kupewa usukani. Suruali yake ilikuwa na damu.

"Ilisimama," alisema. "Mama Fundi, ilisimama mu kati ya mulima. Nilikanyaga, nilikanyaga, bure. Moshi ikatoka chini ya kiti."

"Nani alikuwa juu?"

"Vestine. Ule mwenye kuuzaka unga ya maharagi ku barrière."

Tulimjua Vestine. Alipita mbele ya uwanja wetu kila siku na beseni kichwani kwenda Goma, na alikuwa wa kwanza kutusalimu. Uchungu ulimshika usiku, mtoto alikuwa amekaa vibaya, asubuhi wakaamua kumpandisha. Kigari kiliposimama walitafuta watu wa kumbeba. Wakapatikana wawili, wakamsubiri wa tatu. Mtoto alizaliwa palepale juu ya mawe, mvua ikinyesha. Hakulia. Vestine alipoteza damu nyingi, lakini alifikishwa juu, akapona.

Mama Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akaenda.

Niliyoyasikia baadaye niliyasikia kwa Gaspard, ambaye alikuwepo. Alisema Mama Fundi hakukiangalia kigari. Aliingia moja kwa moja ofisini kwa Masera, akabaki amesimama, akasema, "Nilijua kwamba betri mpya hazitatosha. Ubovu uko katika njia ya kupeleka umeme kwenye mota. Niliona, nikakaa kimya kwa sababu hukuniuliza. Na sikukijaribu mlimani. Nilisema kimepona."

Masera alimwambia akae. Hakukaa. Masera akamwambia kwamba hata kwa machela huenda mtoto asingeishi, hilo Mungu ndiye ajuaye.

"Mimi sijui kama angeishi," Mama Fundi akajibu. "Najua gari lilisimama."

Kisha akaomba kumwona Vestine. Masera alimkataza. Akaenda hivyohivyo. Vestine alikuwa amelala, mama yake ameketi kando, mume wake amesimama dirishani. Mama Fundi alirudia maneno yaleyale, bila kupunguza, kwa Kinyarwanda, lugha aliyoitumia mara chache mbele za watu kwa sababu aliisema kama mtoto aliyeondoka mdogo. Mume akamrukia. Gaspard alimshika kiuno. Vestine aligeuza uso ukutani, na mama yake akasema tu, "Nenda, mama. Nenda."

Mji ukasema yake. Wengine walisema amerogwa, mtu gani anajishitaki. Teksi tatu zilihamia kwa fundi mwingine. Mimi mwenyewe nilimkasirikia, nilimwambia, "Mama Fundi, mi naona umejiharibia kazi bure." Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake akichora kwenye gunia la saruji.

Kesho yake alikileta kigari uwanjani, kikivutwa na pikapu, akaniita.

"Baba Zaina, njoo uone." Alifungua kiti. Chini yake kulikuwa na nyaya nene zilizosokotwa kama springi, zimeungua nyeusi. "Hapa ndipo umeme unapopita kabla ya kufika kwenye mota. Dereva akitaka kwenda polepole, umeme unapitishwa humu ili upungue. Lakini haupungui kwa kurudi kwenye betri, unapungua kwa kugeuka joto. Ni sawa na kuwasha jiko zima, halafu unamwagia maji makaa ili sufuria isiungue. Mahali pa sawa hutaona hasara. Mlimani, ukiwa na mzigo na unakwenda taratibu, nusu ya nguvu yako inachemsha kiti."

"Na we unataka kufanya nini?"

"Nazitoa zote."

Nilimuuliza kigari kitapunguzaje mwendo bila hizo. Akanionyesha gunia la saruji. Betri sita aliziweka makundi mawili, tatu na tatu. Mwanzo, makundi yanasukuma pamoja, bega kwa bega, kila moja likibeba nusu ya kazi: nguvu ya kutosha, mwendo mdogo. Hiyo ni ya kupandia. Mkifika mahali pa sawa, unavuta mkono wa chuma, makundi yanafuatana, moja nyuma ya jingine, na mwendo unaongezeka. Hakuna kinachochomwa njiani. Swichi alizitoa kwenye stata, zile mota za kuwashia injini, za malori mabovu, kwa sababu zile zimezoea umeme mwingi.

"Lakini swichi hizi mbili zikishika kwa pamoja," akasema, "betri zinagongana zenyewe na tutaona moto. Kwa hiyo siweki imani kwa mkono wa dereva. Nataka chuma. Chuma ambacho kikisukuma hii, hakiwezi kusukuma ile. Kichomelee ili hata mtu akitaka kwa makusudi, ashindwe."

Hiyo ndiyo kazi yangu ndani ya kigari kile. Nilikata na kuchomelea mara nne. Tatu za kwanza alizikataa: aliketi, akalazimisha ule mkono wa chuma kwa nguvu zake zote, akitafuta namna ya kuishinda kazi yangu. Mara ya nne alilazimisha mpaka jasho likamtoka, akasema, "Sasa."

Wiki ile ya kwanza alikosea. Tulikijaribu uani kwa masista. Swichi moja ikaungua, ikang'ang'ania, na kigari hakikukubali kusimama. Kilipita ua wa maua, kikaingia kwenye migomba, naye juu yake amekaa wima kama mtu anayepelekwa sokoni. Masista walipiga kelele. Alishuka, akatoa jani la mgomba begani, akaniambia, "Inahitaji kisu." Akaweka swichi kubwa ya kisu yenye kamba, karibu na goti la dereva: ukivuta kamba, kila kitu kinakufa, hata swichi ing'ang'anie vipi. Gaspard akafundishwa kuivuta akiwa amefumba macho.

Kisha mlima. Alikopa viazi kwa mkulima wa Kanama, magunia mawili, akayalaza pale anapolala mgonjwa. Nilitaka kukaa pia, nikamwambia uzito wangu utasaidia. Akakataa. Kwa siku tatu hakuruhusu mtu yeyote apande isipokuwa yeye na viazi. Alipanda na kushuka, alisimama makusudi katikati ya mlima na kuondoka tena, mahali palepale. Kila akifika juu alishuka, akapiga magoti, akagusa kila swichi kwa mgongo wa mkono kusikia joto, na kunusa. Siku ya tatu jioni, kabla jua halijazama, alimpigia Masera hodi, akasema, "Sasa nimekijaribu mlimani." Neno kupona hakulitumia tena, kwa gari lolote, muda wote niliokaa naye.

Kigari kilifanya kazi. Wagonjwa walipanda, nguo chafu zilishuka, na chaji iliyokuwa ikiisha asubuhi ikafika jioni. Teksi tatu zikarudi. Vestine naye alirudi kwenye biashara yake, lakini alibadilisha upande wa barabara. Alipita ng'ambo na beseni lake, anatazama mbele. Mama Fundi kila mara alisimama alipomwona, mikono pembeni, mpaka apite. Hawakusalimiana zaidi ya mwaka mzima.

Kisha tumbo la Vestine likaonekana tena.

Gaspard alikuja kutuita mchana, tukiwa tunakula. Safari hii hakukimbia, alipanda pikipiki. "Vestine amefika. Daktari anasema apande juu, apasuliwe. Anakatala."

"Anakataa nini?"

"Kigari. Anasema, 'Mi siko napanda mu hii kitu kama ule mama hayiko ndani.'"

Mama Fundi aliweka sahani chini. Nilimwona akitafuta kitambaa cha kufutia mikono na kushindwa kukiona, nacho kilikuwa begani mwake. Tulikwenda wote.

Vestine alikuwa amekaa kitandani, ameshika chuma cha kitanda. Alimtazama Mama Fundi kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Umekijaribu?"

"Nimekijaribu."

"Leo?"

"Leo hapana."

"Nenda ukijaribu. Nangojea."

Muuguzi alitaka kupinga, muda ulikuwa unakwenda. Vestine hakumtazama. Mama Fundi alitoka, akakiwasha, akapanda peke yake mpaka juu, akashuka. Dakika chache tu, nilizihesabu kwa mapigo ya moyo wangu. Aliporudi alisema, "Kimefika." Wakamlaza Vestine, Gaspard akashika usukani, na Mama Fundi akaketi kando ya Vestine chini kwenye mbao, mkono mmoja umeshika kamba ya swichi.

"Tugende," Vestine akasema. Twende.

Mimi na mume wake tulitembea nyuma. Kigari hakina kelele. Nilichosikia ni mawe yakisagika chini ya magurudumu na Vestine akihema. Katikati ya mlima, pale mahali, sote tulipafahamu. Mume wake alinyoosha mikono mbele, bila kugusa, tayari kusukuma. Kigari kilipapita kwa mwendo wake uleule wa mtu mzee anayekwenda kanisani. Niliona kwamba Vestine alikuwa ameshika kanga ya Mama Fundi, si kwa upole, ameikunja ngumini, na hakuiachia mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Mtoto wa kike. Alilia kabla hatujamaliza kukaa kwenye benchi. Mume wa Vestine alimshika Mama Fundi mkono, akautikisa. Na asubuhi moja, baada ya wiki kadhaa, beseni la unga lilipita upande wetu wa barabara. "Mwaramutse," Vestine akatuamkia, kama alivyokuwa akisema zamani. Tukaitikia.

Macho ya Mama Fundi yalianza kumwacha mwishoni mwa miaka ile. Alisogeza waya karibu na uso, kisha mbali, kisha akaniomba nimsomee rangi. Siku alipoweka nyekundu mahali pa kahawia, akagundua mwenyewe, alifunga sanduku. Alikuwa na binti huko Kibungo, mashariki, aliyekuwa akimwita siku nyingi.

Nilimsindikiza kwenye basi la asubuhi la Kigali. Sanduku tulilibeba watu wawili, na mmoja wao nilikuwa mimi. Kulikuwa na manyunyu, watu wamejikunyata chini ya vibaraza. Nilikuwa na swali ambalo nilikaa nalo muda mrefu, nikaona kama sikuliuliza pale sitaliuliza tena.

"Mama Fundi, ile siku. Hakuna mutu alikuwa anajua. Masera hakujua, mi sikujua. Kwa nini ulienda kusema?"

Nilingoja anisahihishe, hakunisahihisha. Alifikiri, kama anayetafuta waya gizani kwa vidole.

"Nilijaribu kukaa nalo," akasema. "Toka uwanjani mpaka kwa Masera, njia yote. Nikaona sitaweza kufungua gari la mtu tena."

Akaniuliza mwanangu Zaina anasoma darasa la ngapi. Nilimjibu. Kisha dereva akapiga honi, watu wakaanza kupanda, naye akazunguka nyuma ya basi badala ya kwenda mlangoni. Nilidhani amepotea kwa sababu ya macho. Nilimfuata nikamkuta ameweka kiganja juu ya taa ya breki ya upande wa kushoto.

"Mwambie akanyage."

Nilimwambia dereva. Akakanyaga. Mama Fundi akahamisha kiganja kwenye taa ya kulia, kisha akakirudisha.

"Ya kulia ina joto, hii ni baridi," akasema. "Fungua sanduku langu."

Abiria walinung'unika. Dereva alishuka akaanza kueleza kwamba taa ile imekufa tangu wiki iliyopita na kwamba fundi wa Kigali alisema... Mama Fundi alimwambia anyamaze kidogo. Nilimshikia mwavuli, nikamsomea rangi za nyaya, naye akafanya kwa vidole, polepole, na dereva akakanyaga tena, na tena. Alipomaliza alifunga sanduku, akanipa mkono ambao bado ulikuwa na grisi, akapanda akakaa dirishani upande wa pili, kwa hiyo sikumwona tena uso.

Basi liliondoka. Kabla ya kona dereva alipunguza mwendo kumpisha mwanamke mwenye kikapu cha ndizi, na kwenye manyunyu yale ya asubuhi taa zikawaka nyekundu, zote mbili.